Picha ya Mama Iliyoanza na Uso wa Susu

Mwezi uliopita nilikuwa na shughuli Kianda, nikajikuta nimeteremka hadi mtaa wetu wa zamani, Lindi, bila kupanga. Ploti yetu ya vyumba vya kukodi haipo. Pamejengwa ghorofa, na mgeni mlangoni akaniuliza natafuta nani. Ningemwambia nini, rafiki yangu? Nikasema nimepotea njia.

Hapo ndipo nililelewa na nyanya, mama yake mama. Nilimwita susu, kama tunavyosema sisi Wakamba. Mama alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Picha yake ilikuwa moja tu, ya kitambulisho, nacho kilirudishwa serikalini kifo kilipoandikishwa. Susu alikitoa bila kujua hatakiona tena.

Jirani yetu alikuwa akichora vibao vya vinyozi na bucha. Nikiwa darasa la tatu, susu alimwendea amchoree mama.

"Lakini shosh," akasema, kama mtaa mzima ulivyowaita nyanya, "nitachoraje mtu sijawahi kumuona?"

"Nichore mimi. Watu walisema tunafanana. Nitakuonyesha pa kubadilisha."

Basi kila Jumapili tukitoka kanisani, susu alikaa mlangoni akichambua maharagwe, sufuria ya muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, ikitokota ndani, na jirani akipaka rangi kwenye kitambaa alichokiwamba kwa mbao. Moshi wa jiko ulichanganyika na harufu ya tapentaini. Jumapili ya kwanza alitokea kitambaani susu mwenyewe, na makunyanzi yake na leso yake kichwani, nikapiga makofi. Kisha jirani akaanza kuondoa. Makunyanzi yakaenda. Shingo ikawa nyembamba. Palipokuwa na leso pakasukwa matuta. Meno yakapata mwanya. Nikaingiwa na hofu, maana susu wangu alikuwa anaisha nikimwangalia.

Yakabaki macho.

"Yake yalikuwaje?" jirani akauliza.

Mikono ya susu ikasimama. Alifikiri mpaka maji ya muthokoi yakakauka, tukasikia harufu ya kuungua, na hakuna aliyeinuka.

"Woi," akasema. "Nimesahau. Nimesahau macho ya mtoto wangu."

Jirani akaniita nikae pale kwenye kiti. Akatumia yangu.

Ilipokwisha, susu aliipakata muda mrefu. "Ni msichana mrembo," akasema. "Lakini si yeye."

"Nirekebishe wapi, shosh?"

"Ningejua, si ningekwambia?"

Hata hivyo aliitundika juu ya kitanda chetu, na sikumsikia akilalamika tena. Mimi ndiye niliyeisalimia kila asubuhi nikienda shule, nikiiita mama, na susu akijifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Susu alishatuacha. Picha iko kwangu, Kawangware. Wageni wakiingia huniambia mama yangu alikuwa mrembo, nami nawashukuru. Ule uso wa Jumapili ya kwanza, ambao ningeupenda zaidi leo, umefunikwa na rangi. Na mtu pekee aliyeweza kuitazama picha ile na kujua kwamba si mama, tulimzika Kitui.