Majivu Kwenye Jiko la Gesi

Leo asubuhi nimeosha bana za jiko langu hapa Makutano, vile vichwa vyenye matundu ambamo moto hutokea. Mafuta ya chapati yalikuwa yameganda hadi sufuria zinatoka nyeusi. Nikacheka peke yangu, rafiki yangu, maana mimi niliwahi kuliua jiko la gesi kwa usafi.

Nilikuwa mtoto, kijijini Githongo, kwa nyanya yangu. Miaka yote alipikia kuni, macho mekundu, anakohoa mpaka anashika ukuta. Shangazi akamletea jiko la gesi. Nyanya akalizunguka kama ng'ombe mgeni. "Likinisumbua siku moja tu, linarudi kwako," akamwambia. Mimi nikamwomba Mungu lisisumbue, kwa sababu kile kikohozi kilinitia hofu ya kumpoteza.

Jumamosi moja nyanya alikwenda kuchuma kahawa. Githeri, yale mahindi na maharagwe, ilikuwa imefurika jikoni, bana zimenata. Nikazisugua vile alivyonifundisha mwenyewe kusugua sufuria, kwa majivu na gunzi la mahindi. Wee! Ziling'aa! Nyanya akarudi, akawasha kiberiti. Hakuna moto. Majivu yalikuwa yameziba kila tundu.

"Si nilisema?" Na tayari alikuwa anavunja kuni. Nililia, wacha tu, kisha nikakimbia kumwita mwalimu jirani.

"Majivu ni ya sufuria, mama," mwalimu alimwambia nyanya. "Hili linapumua kwa haya matundu." Akazilowesha bana katika maji moto yenye magadi, sisi tukanywa chai ya kuni kwanza. Halafu akanipa nusu ndimu, mswaki uliochakaa, na pini ya kuzibulia tundu moja moja. Zikaanikwa juani zikauke kabisa. Nyanya akavuta kigoda akae karibu, eti anafukuza kuku. Nani alimwamini? Alikuwa na hamu kuliko mimi.

Moto ulitoka wa buluu, duara zima.  Nyanya alibeba zile kuni alizovunja akazirudisha nje, nami nikaruka kwa furaha.

Kile kibanda cha kupikia kwa kuni kilibomolewa, siku hizi pale pana migomba. Nyanya yupo, bado ananikosoa ninavyokata mboga za sukuma wiki. Harufu ya githeri ya kuni naitamani sana, siwezi kukudanganya. Lakini kikohozi kilienda na moshi wake, na hicho sikitamani hata kidogo.