Aliyeniambia Nitafute Pezi la Pili

Ukitaka kucheka, cheka sasa tumalizane. Nimezoea. Lakini haya yalinitokea mimi mwenyewe, hapa Masinga, saa nane mchana, jua likichoma, na sikuwa nimelewa. Hata pombe nilikuwa nimeacha. Siku hizo nilikuwa nimeacha vitu vingi, si kwa kuokoka, ni vile tu sikuwa nasikia ladha ya kitu chochote.

Niko na mashua ya kuvusha watu bwawani. Injini yake ni ya dizeli na huwa naitengeneza mwenyewe, kwani fundi wa injini za maji utamtoa wapi huku? Inapozwa kwa maji ya bwawa. Kuna pampu, na ndani ya pampu kuna impela, kigurudumu cha mpira chenye mapezi sita. Hicho ndicho huvuta maji na kuyasukuma hadi kwenye kula, lile bomba nene la kupozea. Mapezi huchoka yakakatika. Kubadilisha si kazi kubwa: unafungua kifuniko, unatoa impela kuukuu, unaipaka mpya sabuni ya maji, unaiingiza ukiizungusha ili mapezi yote yalale upande mmoja. Lakini yale yaliyokatika lazima uyatafute, yote. Hayajapotea. Yamesafiri na maji na yatakwama mahali huko mbele.

Mimi nilijua hilo. Niamini, nilijua vizuri sana.

Wiki moja kabla mke wangu Nduku hajafa, nilitoa impela yenye mapezi manne. Mawili hayakuwepo. Ilikuwa siku ya soko, watu wamejaa ukingoni na mizigo yao, wananipigia kelele. Nikaweka mpya, nikaona maji yanatoka vizuri, nikasema haya mengine nitayaangalia Jumapili. Jumapili ikaja ikapita.

Halafu nyoka akamuuma Nduku shambani, akivuna ndengu. Hospitali ya karibu kwetu iko ng'ambo ya bwawa. Nilichana mkono wa shati langu la kijani, nikamfunga juu ya kifundo cha mguu, nikamlaza kwenye mashua. Katikati ya bwawa mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho, mvuke ukajaa, injini ikazimika. Nilipiga kasia kwa ubao wa kukalia. Tulipofika upande wa pili alikuwa ameshanyamaza.

Mazishini niliambia watu injini ilikuwa imezeeka. Wakasema ni mpango wa Mungu. Nikaitikia amina. Sikulia. Nilikula nilichopewa, nikalala, nikaamka. Miezi minane hivyo. Ungenigonga na nyundo siku hizo ningekuuliza tu kama umemaliza.

Mashua nilikuwa nimeivuta nchi kavu nikaisahau. Kisha mama yake Nduku, anayekaa ng'ambo, akatuma neno kupitia shemeji yangu: anataka kuvuka aone kaburi la mwanawe, na anataka mimi ndiye nimvushe, kesho yake. Ungekataa vipi? Nikachukua spana nikashuka bwawani.

Nikafungua kichwa cha kula. Pezi moja hilo hapo, limeziba matundu. La pili sikuliona. Nikakaa nikilitazama hilo moja, na unajua nilisikia nini? Hakuna. Nikasema moja linatosha, nikaanza kurudisha boliti.

"Yalikatika mangapi?"

Sauti ilitoka nyuma yangu. Ya mama mkwe. Nikajua amepata mtumbwi wa wavuvi, hakungoja kesho. Sasa, kama wewe si Mkamba, lazima nikueleze. Kwetu kuna nthoni. Mama mkwe humshiki mkono, huketi naye, humkodolei macho. Mkikutana njiani, mmoja wenu anapisha. Kwa hivyo sikugeuka. Niliinamisha kichwa, macho kwenye spana.

"Mawili, mwaitu," nikamjibu. Mwaitu ni mama.

"Umepata mangapi?"

"Moja."

"Na unafunga?"

Nikasimamisha spana.

"Tafuta," akasema. "Angalia kwenye kona ya mpira wa maji, kabla ya kula."

Nikachomoa mpira wa maji, nikaingiza waya kwenye ile kona yake. Ukagusa kitu laini. Nikavuta, pezi la pili hilo, limejikunja kama ganda la kunde. Ningefunga nalo ndani, kesho lingeingia kwenye kula, na mama wa watu ningemfanyia vilevile nilivyomfanyia binti yake.

"Ni mimi, mwaitu," nikasema. "Nilijua yamebaki. Sikuyatafuta. Aliyemuua Nduku ni mimi."

"Najua," akasema. "Niangalie."

Mimi? Nimwangalie mama mkwe usoni, sisi wawili peke yetu? Nikainama zaidi.

"Niangalie kidogo tu."

Kitu pekee nilichoona ni miguu. Ilikuwa imelowa maji, na mmoja ulikuwa umefungwa kitambaa cha kijani. Nikadhani ni baridi yabisi ya wazee. Alisimama pale muda mrefu, kisha nikasikia maji yakichapa ukingoni. Nilipoinua kichwa hapakuwa na mtu. Nikadhani ametangulia nyumbani. Nyumbani nikaambiwa hakuna mgeni aliyefika. Nikajiambia basi, nimemkosea, amerudi kwao na mtumbwi uleule.

Kesho yake nilivuka kumchukua. Injini ilinguruma bila shida, mshale wa joto umetulia. Nikamuuliza shemeji kama mama alifika salama jana.

"Alifika kutoka wapi?" akaniuliza. "Jana mama alishinda hapa uani akipepeta ndengu mpaka jioni. Kwani wewe uko sawa?"

Woi! Kitambaa cha kijani nilikuwa nimekichana mwenyewe. Na ile sauti, Nduku na mama yake walikuwa na sauti moja, hata kwenye simu walinichanganya miaka yote. Na ni mwanamke gani mwingine angejua habari za mapezi, kama si yule aliyenishikia tochi kila nilipofungua pampu?

Mama mkwe alikaa mbele, amenipa mgongo, kama nthoni inavyotaka. Tulipofika katikati ya bwawa nikamwambia yote, nikiuambia mgongo wake. Mapezi, Jumapili, yule aliyekuja jana. Nilingoja anilaani. Hakunilaani.

"Ulimwangalia?" akauliza.

"Hapana, mwaitu. Nilidhani ni wewe."

Mabega yake yakaanza kutikisika. "Woi, mwanangu," akasema. "Kwa sababu yangu hukumwangalia." Kisha akageuka, akanitazama usoni, mama mkwe mzima, na mimi nikamtazama. Ana macho ya Nduku. Hapo ndipo nilipolia, miezi minane yote kwa mara moja, mpaka nikaacha usukani na mashua ikazunguka yenyewe.

Siku hizi kila mtu namwangalia usoni, mkwe au si mkwe, na watu wanasema nimepoteza adabu. Waseme. Kila saa nane nikiwa nchi kavu naketi palepale kando ya injini, kichwa juu. Hajarudi.

Sasa wewe unayenisikiliza, kikikatika kitu kidogo ndani ya mashine, kitafute siku hiyohiyo, usiniambie habari za Jumapili. Na mtu akikuomba umwangalie, achana na heshima, inua macho. Mke wangu alitoka kwenye maji alimofia kuja kuniona, akaniomba mara mbili, na mimi nilikuwa naangalia spana.