Jina la Baba kwenye Listi

Baba yangu alikuwa karani wa posta aliyestaafu muda mfupi kabla ya posta yenyewe kustaafu. Tulitoka upande wa Bukavu, Wakatoliki wa misa ya kwanza, na alipohamia Goma alikuja na vitu viwili ambavyo hakuviacha hata siku volkano ilipotutimua: tai na ubishi. Tai aliivaa kila asubuhi, pensheni ije isije. Ubishi aliupeleka njia panda, hatua chache kutoka nyumbani, ambako wanaume wa mtaa walikutana kila siku kuihukumu serikali. Mahali pale tulipaita bunge la kusimama, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kiti. Hakuna pia aliyetaka kuondoka wa kwanza, maana anayeondoka ndiye anayesemwa.

Bunge lile lilifanya kazi kubwa. Lilifukuza mawaziri, lilimaliza vita vya Masisi mara tatu kwa wiki, na saa sita mchana wabunge walirudi nyumbani kula fufu na sombe kama watu wengine.

Kisha Ebola ikaanza kaskazini, na bunge likagawanyika. Upande mmoja uliongozwa na baba. Upande wa pili uliongozwa na mchuuzi wa samaki kutoka Vitshumbi, huko huko kaskazini, jamaa mwenye kifua kipana na sauti ya kuita mtu ng'ambo ya ziwa. Kila wiki alileta samaki wakavu sokoni, akishauza anakuja kubishana na baba. Miaka minne walikuwa wakibishana, na sijawahi kusikia mmoja akimkubalia mwenzake hata habari ya hali ya hewa.

"Mimi natoka kule," alisema mchuuzi. "Nimeona makaburi na macho yangu."

"Makaburi tuliona toka zamani," baba alijibu. "Risasi inaua batu, malaria inaua batu, kolera ilimaliza wakimbizi hapa hapa Goma. Nani alituletea gari? Leo homa moja tu, na magari imejaa barabara. Kule kaskazini walikatazwa hata kupiga kura juu ya hii homa. Sasa hiyo ni homa ao ni siasa?"

"Muzee, inaweza kuwa homa, na wanasiasa wakaitumia."

"Basi waseme hivyo. Na hospitali ituambie kwa nini mutu anaingia na miguu yake, anatoka ndani ya mufuko, na ndugu zake hawamuoni."

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mwaka ule nilikuwa pia mjumbe wa afya wa mtaa, wale tunaowaita reko. Nilishachanjwa, nilipewa fulana na daftari, na nikafundishwa cha kuwajibu watu kama baba. Jibu lilikuwa kwamba wagonjwa wanafia hospitalini kwa sababu wanafika wamechelewa. Nilimpa jibu hilo mezani. Akaniuliza kwa nini wanachelewa. Nikasema wanaogopa. Akauliza kwa nini wanaogopa. Nikamwambia chakula kinapoa. Kilichoniudhi si kwamba alikuwa mbishi, ni kwamba maswali yake yalikuwa mazuri na kwenye daftari langu hayakuwemo.

Lakini ndoo ya maji ya klorini tuliyoweka njia panda aliitumia kuliko mtu yeyote. Alinawa hadi kwenye viwiko. Nilipomtania, alisema ananawa kwa ajili ya usafi, na serikali isijidanganye.

Asubuhi moja mchuuzi alikuja bungeni macho mekundu, akabishana kidogo, akatapika, akaanguka. Wabunge walitawanyika kama kuku. Mimi nilikuwa darasani. Habari ilinifikia kwamba amepakiwa kwenye pikipiki, amepelekwa hospitali, na siku ya pili majibu yakatoka: ni yenyewe. Akawekwa katika kile chumba cha plastiki ambamo ndugu wanaweza kumwona mgonjwa wakiwa nje. Kutoka mle ndani, kwa sauti iliyobaki, alimwambia muuguzi kwamba mzee mmoja alimshika asianguke kwenye mawe, akampangusa mdomo na leso, akamweka kwenye pikipiki. Jina lake hakuwahi kulijua, na homa ilikuwa imemvuruga kichwa. Alichokumbuka ni kwamba mzee huyo alivaa tai.

Muuguzi mkuu wa kituo chetu cha afya alinisomea maneno hayo. Katika mtaa mzima wa mawe meusi ya volkano, kuna tai moja.

Nilikimbia nyumbani. Mama alikuwa Bukavu kwa dada yangu aliyejifungua, kwa hiyo tulikuwa wawili tu. Baba alikuwa anasikiliza redio.

"Papa, ni wewe ulimushika mutu wa samaki?"

"Hapana."

"Alisema ni mutu wa tai."

"Tai ni mingi Goma."

"Leso yako iko wapi?"

"Niliitupa. Ilizeeka."

Nilimwambia chanjo ipo, na kwamba kila siku inayopita ni siku anayoupa ugonjwa. Nilimwambia sitaki kumwona nyuma ya plastiki. Nililia, nakiri, na mimi si mtu wa kulia. Alizima redio, akaniita kama baba anavyomwita binti yake, "Mama, mimi sindano siogopi. Naogopa daftari yako."

Nilijua anasema juu ya nini. Katika vita vya kwanza, nilipokuwa msichana mdogo, watu walipita nyumba kwa nyumba wakiandika wanaume, wakasema ni kwa kazi ya barabara. Siku hiyo baba alikuwa kazini posta. Kaka yake, baba yangu mkubwa, alijiandika mwenyewe kwa mwandiko mzuri, maana naye alikuwa karani. Majuma mawili baadaye listi ile ilirudi ikiwa mikononi mwa watu wengine, wenye bunduki, wakaita majina moja baada ya jingine. Baba mkubwa alisikia jina lake, akatoka, akaitika. Hatukumwona tena. Ndiye aliyenifundisha kusoma saa, na hata sasa ninapoandika haya nina hasira. Tangu hapo baba hakutoa jina lake kwa mtu yeyote. Hata parokiani tuliandikwa "familia ya karani", na padri alishazoea.

Kesho yake asubuhi tulipanga meza njia panda, muuguzi mkuu na mimi, ili tuandike wote waliomgusa mgonjwa. Nilitegemea meza tupu. Wabunge walisimama ng'ambo ya barabara wakijifanya wanaangalia mlima, baba katikati yao, tai imenyooka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumjua mtu wa samaki. Miaka minne ya mabishano, na hakuna aliyemjua.

Lakini habari ya listi ilikuwa imeshapanda njia ya Kibati mpaka Kanyaruchinya, kwa watu waliokimbia vita vya Masisi. Kwao listi ni kitu kingine kabisa. Aliyeandikwa anapata jetoni, kile kikadi cha msaada, mwenye jetoni anapata unga na mafuta, na asiyeandikwa analala njaa. Hawakuuliza listi ni ya nini. Walishuka na watoto mgongoni, wakapanga mstari mrefu kuliko wa misa ya Pasaka, na kila mmoja alikuwa amemgusa mgonjwa.

"Mimi nilimubeba miguu," alisema mama mmoja.

"Mama, miguu ilishabebwa na watu tisa," muuguzi alimjibu.

"Basi andika kichwa."

Na hawakukosea sana, maana kweli kila aliyemgusa mgonjwa alifuatiliwa siku ishirini na moja, na alipewa chakula ili asiende mbali. Muuguzi alifunga kalamu, akaifungua, akaifunga tena. Mimi nilikuwa namwangalia baba tu. Alikuwa kwenye hatari ya kufa, yuko mita kumi kutoka kwenye dawa, na kati yetu kulikuwa na mstari wa watu waliotaka jina lao liandikwe kama yeye alivyotaka la kwake lisiandikwe.

Ndipo akafika mezani mchungaji wa ng'ombe, mrefu, kofia kichwani na fimbo mkononi, mtu mwenye heshima zake ambaye ng'ombe wake wote waliliwa na vita. Huyu alikuwa na hadithi kamili. Alisema ni yeye aliyemshika mgonjwa asianguke, ni yeye aliyempangusa mdomo.

"Kwa kitu gani?" muuguzi aliuliza.

"Kwa mukono."

Ng'ambo ya barabara niliona kichwa cha baba kikigeuka.

"Na mgonjwa alisema nini?"

Mchungaji alifikiri. Aliona fulana zetu, akaona aseme jambo la kutufurahisha. "Alisema serikali inafanya kazi muzuri. Alisema ule muzee mwenye kumubishia kila siku, hana haki hata kidogo, anakosea tu."

"Uongo," alisema baba.

Alivuka barabara bila kuangalia pikipiki. Nilimjua baba yangu: vitisho angevivumilia, machozi yangu aliyavumilia, lakini hoja ya uongo mbele ya watu hakuiweza.

"Wewe hukukuwa pale. Alipanguswa na leso, hapana mukono. Leso ya buluu. Na hakusema vile. Nilikuwa nimemushika hapa, kichwa yake ilikuwa hapa," akajigonga begani, "na alisema, 'Muzee, hapo uko na haki.' Hivyo njo alisema. Miaka ine nilingojea ile neno, na wewe unakuja kuniibia!"

Mchungaji akavua kofia. Baba naye alisimama na mdomo wazi kidogo, mkono bado begani, na nikaona kwamba hapo ndipo naye aliposikia alichosema.

"Haki juu ya nini, Muzee?" muuguzi aliuliza polepole.

"Juu ya hospitali. Nilisema batu hawatakuja kama hawaoni ndugu zao. Na ile siku ya kuanguka alisema niko na haki." Akakohoa. "Tena aliniomba nimupeleke kule kule."

Nilisogeza daftari. Muuguzi akanifungulia kalamu. Baba aliliangalia daftari.

"Hii listi ikimalizika, itakaa wapi?"

Mafunzoni nilipewa jibu la swali hilo. Linahusu kabati na siri ya mgonjwa. Lakini yule alikuwa baba yangu.

"Sijui, Papa," nilisema.

Akaitika kwa kichwa, nadhani kwa mara ya kwanza akiridhika na jibu la upande wetu. Kisha akataja jina lake lote, la ubatizo, la baba yake na la ukoo, taratibu, kama anayemsomea mtu telegramu. Nilikuwa mtu mzima, na sikuwahi kuliandika jina la baba yangu. Karatasi ya kukubali chanjo aliisoma yote, amesimama, huku mstari mzima ukimsubiri. Halafu akakunja shati.

Kwa siku ishirini na moja nilimpima joto kila asubuhi, na kila asubuhi alibisha kipimo. Sikulala vizuri hata siku moja. Hakuumwa. Siku chache baadaye mchuuzi naye alitoka hospitalini, amepungua nusu, ameshika cheti cha kupona. Alipofika bungeni watu walirudi nyuma hatua tatu. Baba alikwenda akamshika mkono, kisha akamwomba arudie mbele ya wote lile neno.

"Neno gani?" alisema mchuuzi. "Nilikuwa na homa. Mutu wa homa anasema chochote."

Baba alicheka mpaka akashika ukuta, nami nikajua mambo yamerudi mahali pake.

Miaka ilipita, vita vikateremka mpaka Goma, na mji ukabadilisha watawala. Asubuhi mizinga iliponyamaza tulitoka, baba na mimi, kutafuta maji. Ofisi zilikuwa zimevunjwa milango na karatasi zilitapakaa barabarani juu ya mawe, fomu, daftari, picha za vitambulisho. Watu walizikanyaga. Baba alikuwa mzee sana sasa, amevaa tai. Alisimama, akaokota moja, akaisoma, akairudisha chini kwa uangalifu.

"Ile listi yetu iko wapi?" aliniuliza.

Nilimwambia lile lile, kwamba sijui. Nilikuwa na aibu, nikaangalia chini nikitafuta mwandiko wangu. Akanishika mkono ili tuendelee.

"Usiitafute," alisema. "Bila ile sindano, leo ni nani angekuuliza iko wapi?"