Tulivyomfuata Mama Kuzimu

Siku mdogo wangu alipomfuta mama yetu, mimi nilikuwa maiti. Nimelala juu ya godoro, unga wa ngano usoni, pamba puani, nasubiri kufufuliwa.

Ngoja nianze vizuri, maana hata sasa ninapoandika damu inachemka.

Mimi ni fundi cherehani. Mdogo wangu, tunamwita Dairekta, anatengeneza filamu za kuungaunga. Mama alipofariki, badala ya kulia kama watu wengine, akaandika filamu ya kutisha na kuchekesha. Kijana anashuka kuzimu kumrudisha mama yake. Akifika, mama anagoma kurudi. Anasema huku kuzimu angalau hakuna anayemwachia vyombo vichafu.

Mama wa kwenye filamu nilikuwa mimi, na kijana alikuwa yeye mwenyewe.

Nilikataa mara tatu. Akaniangalia kwa lile jicho lake la kitindamimba, nikakubali. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu.

Kuzimu kwenyewe kulikuwa ghala la magodoro, chini ya duka la rafiki yake. Moto wa milele niliushona mimi, kwa mapazia yangu mekundu ya dirishani, na wala sikuombwa, niliyakuta yameshakatwa. Moshi ulikatazwa kwa sababu magodoro yanashika moto haraka. Kwa hiyo tukawa tunarusha unga.

Zimwi la mlangoni liliigizwa na fundi wa friji. Jamaa ana kimo cha mlango na sauti ya kifaranga. Aliposema, "Nani anaingia kwenye milki yangu?" kundi zima likaangua kicheko. Fundi wetu wa sauti, tunamwita Masikio, akasema tuendelee tu, zimwi atalitafutia sauti nyingine baadaye.

Sasa sikiliza vizuri hapa.

Masikio alitumia kinasa sauti kidogo cha mdogo wangu. Na ndani ya kadi ya kinasa kile alikuwemo mama.

Mama hakupenda kabisa kurekodiwa. Ukimwelekezea simu, anakugeuzia mgongo. Lakini kinasa kile kilipokuwa kipya, mdogo wangu alikijaribu kwa siri jikoni, akamnasa dakika saba nzima akigomba. Hatukuwa na sauti nyingine ya mama popote duniani.

Nilimwambia aihamishe kwenye kompyuta. Nitahamisha, dada. Nikamkumbusha msibani. Nitahamisha, dada. Nikamkumbusha asubuhi ile ile ya kupiga picha, akanipa pamba niweke puani.

Saa nane mchana nikamsikia mdogo wangu akisema kadi ilijaa asubuhi, akafuta majaribio ya zamani ndipo tukaendelea kurekodi. Pamba ilikuwa puani, siyo masikioni. Niliinuka pale pale.

"Umefuta nini?"

"Majaribio tu, dada."

Kisha akakitazama kinasa. Nikamwona uso unavyobadilika, na nikajua amekumbuka.

Sikumpiga. Nilitoka ghalani na unga wangu usoni, nikapita barabarani katikati ya watu. Walinipisha wote. Mama mmoja alivuka upande wa pili kabisa.

Kadi tuliipeleka kwa fundi wa kompyuta. Alihangaika nayo siku mbili, akatuambia imeshaandikwa juu yake. Nikamuuliza kilichoandikwa ni nini. Akatusikilizisha. Nilikuwa mimi, nikijifanya mama.

Nilisusa. Mama mdogo akaja kutusuluhisha, akanikumbusha kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia aliyeyamwaga alionywa mara tatu, na sikio la kufa halisikii dawa. Majirani walioanza kuchagua upande, wale niliwaambia wachukue jembe wakalime.

Mwisho nilirudi kumalizia, kwa heshima ya mama mdogo tu. Mdogo wangu nilizungumza naye kupitia kwa Masikio. "Mwambie mwanangu wa kwenye filamu simtambui."

Tuliionyesha Jumapili mchana, mle mle ghalani. Shuka ukutani, majirani wamekaa juu ya magodoro. Mimi nilikaa nyuma kabisa nimenuna.

Kijana akashuka kuzimu. Zimwi likatokea mlangoni, likafungua mdomo.

Kwanza ilitoka sauti ndefu ya kufyonza, nzito, ya kukwaruza. Halafu maneno yasiyoeleweka, mazito kama mtu anayeburuta kabati. Watu wakapiga kelele. Fundi wa friji alijiogopa mwenyewe, akajifunika uso.

Mimi mgongo ulininyooka. Ulininyooka vile ulivyokuwa ukininyooka utotoni, nikikutwa na sukari mdomoni.

"Simamisha," nikasema. "Hiyo sauti umeitoa wapi?"

Masikio akaeleza. Kabla hatujaanza kupiga picha alikuwa anakikagua kinasa, akakuta bibi mmoja humo anagomba. Akamega kipande kidogo, akakiweka kwenye kompyuta yake, akakipunguza kasi. Alidhani ni jirani. Hakuna aliyewahi kumwambia tulichokuwa tunagombania, maana mambo ya ndani hatuyatoi nje.

"Kirudishe kasi yake ya kawaida."

Kipande kilikuwa cha sekunde kumi na moja. Kilianza na msonyo. Msonyo wa mama, ule mrefu, wa kuanzia jino la nyuma. Kisha mama mwenyewe:

"We mtoto, mlango huo unaufunga, au nije mwenyewe?"

Ghala zima likageukia mlango.

Na mlango wa ghala ulikuwa wazi kweli.

Mdogo wangu, mtu mzima mwenye ndevu zake, akainuka akaenda kuufunga. Aliufunga polepole, bila kuubamiza, kama tulivyofundishwa. Halafu akabaki pale ameweka paji la uso kwenye mbao, analia. Tangu msiba sikuwa nimemwona akilia.

Nikamfuata. Nililia pia, sitadanganya. Lakini neno la kwanza nililomwambia baada ya wiki tatu lilikuwa moja.

"Hamisha."

Akahamisha. Mara tatu, nimesimama nyuma yake.

Msiniulize kama nimemsamehe. Nikikumbuka zile dakika zilizobaki natamani kumkata na mkasi kama alivyokata mapazia yangu.

Ila wewe unayesoma, kama nyumbani una mtu anayekusonya, usimsubiri aseme maneno matamu ndipo umrekodi. Mnase hivyo hivyo akigomba, na uhamishe leo.

Na huo mlango, funga.