Vichwa vya Samaki Nyuma ya Jiko Letu

Mtanisamehe kwa mwandiko huu uliolala upande, na kwa maneno nitakayoyakosea herufi. Nilisoma mpaka darasa la nane, na tangu hapo nimeshika kisu cha kupara samaki kuliko kalamu. Ukurasa mmoja unanichukua asubuhi nzima. Lakini kusimama mbele ya watu niongee siwezi, midomo inakauka, kwa hivyo ni afadhali niandike pole pole.

Tunaishi Masinga, karibu na bwawa. Mimi na mwaitu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, tunakaanga samaki kwenye kibanda cha mabati hapo ufuoni wavuvi wanaposhukia. Samaki tunawapata kwa mjomba, kaka yake mwaitu, ambaye ana mashua moja na wavu mmoja. Mvua ikikataa na mahindi yakikauka, huo wavu ndio shamba letu. Shida yake ni matundu. Ni madogo mno, vidole viwili havipiti pamoja, na kila mtu ufuoni alijua haukubaliki. Kuna mwaka maafisa walikuja wakakusanya nyavu za namna hiyo kwenye ufuo wa pili, wakazichoma wenye nyavu wakitazama. Mjomba aliufukia wake katikati ya mbaazi, akaufukua walipoondoka. Ulikaa wiki nzima ukinuka udongo.

Kwa hivyo mwanamke mmoja alipokuja na begi, mizani na ubao wenye alama za kupimia urefu, mnaweza kuelewa tulivyomtazama.

Alijieleza vizuri, hilo silikatai. Alisema ametoka Pwani, kazi yake ni utafiti wa samaki wa baharini. Maji ya mto wetu yakitoka hapa huenda mpaka baharini, yakalisha mikoko, na kwenye mikoko ndiko kamba wanakozalia. Basi yeye na wenzake walikuwa wanaufuata mto kutoka mwisho wake kuja juu, wakiangalia samaki wa kila mahali.

"Kumbe hata huko kuna Wakamba?" mvuvi mmoja akauliza, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yeye pia alicheka.

Mjomba hakucheka. "Mtu wa bahari anatafuta nini kwa bwawa?" akasema. "Bahari yenyewe imeisha?"

"Bado, kaka yangu. Lakini ilikaribia," mwanamke akajibu.

Alipokwenda kutafuta mahali pa kulala, wavuvi walikubaliana bila hata kuketi. Samaki wakubwa wapelekwe kwa ubao wake. Wadogo asiwaone. Mashua ikirudi asubuhi ilipitia kwanza nyuma ya mawe, ambako mimi na mwaitu tulikuwa tukingoja na beseni. Wadogo walimwagwa humo, tukawafunika kwa magunia mabichi, tukaenda nao kibandani kwa njia ya juu. Ndipo mashua ikaenda kushuka mbele yake na tilapia wachache wanene, kila mvuvi amejawa na heshima.

"Hawa tu?" aliuliza siku ya kwanza.

"Hawa tu, madam. Bwawa letu ni la baraka, wachache lakini wakubwa," mjomba akamwambia.

Akaandika. Akapima wa pili, akaandika. Siku zikaenda hivyo, na mimi nilikuwa namchunguza kuliko alivyochunguza samaki. Hakuonekana kukasirika kamwe, na mtu asiyekasirika hunipa wasiwasi. Alipiga picha za maji, za mashua, za nyayo za ndege kwenye tope. Akinunua samaki kwetu tulimchagulia mkubwa, akala nyama yote vizuri, kisha kichwa akakifunga kwa karatasi na kukitia kwenye begi. Mwaitu aliniangalia. Mchana huo habari ilikuwa imefika sokoni kwamba vichwa vinapelekwa kwa mganga wa Pwani ili samaki wetu waitwe wahamie baharini. Sikuamini yote. Niliamini nusu.

Halafu nikamkuta jalalani.

Nyuma ya jiko letu kuna shimo la kutupa vichwa na matumbo. Nilikuwa nimekwenda kumwaga maji machafu, nikamwona amechutama pembeni ya shimo, nzi wamemzunguka, ana kisu kidogo kama cha daktari. Alikuwa anapasua kichwa cha samaki mdogo, akatoa kitu kwa ncha ya kisu na kukiweka kwenye kichupa.

"Unatafuta nini kwa takataka zetu?" nikasema. Sauti ilinishtua mimi mwenyewe.

Alisimama haraka. "Nisamehe, mwanangu. Ningekuomba ruhusa kwanza. Njoo uone."

Sikusogea. Akanyoosha mkono na kichupa. Ndani mlikuwa na vijiwe vyeupe, vidogo kuliko punje ya mchele uliovunjika. Alisema kila samaki ana vijiwe hivyo kichwani, mahali pa masikio, na kila kijiwe kina pete kama za mti uliokatwa. Ukizihesabu kwa hadubini unajua umri wake.

"Huyu ukimtazama utasema mtoto," akasema. "Mimi nadhani ni mtu mzima. Amezaa akiwa mdogo hivi kwa sababu wakubwa wamevuliwa wakaisha."

Akaniangalia usoni, si kwa ukali.

"Kwenye ubao wangu sijawahi kuona samaki mdogo. Na hapa nyuma ya jiko lenu sijaona hata kichwa kimoja kikubwa."

Nilijua kitu ambacho yeye alikuwa anakikisia tu. Mimi ndiye ninayewapasua hao samaki. Tilapia wa urefu wa kiganja, ambao zamani tungesema hawajabalehe, walikuwa na mayai tumboni. Nilikuwa nimeyaona kwa miezi mingi. Zamani samaki mmoja alijaza sahani, mkia unatoka nje. Sasa tulikuwa tunapanga watano na sahani bado inaonekana chini. Hakuna aliyekuwa ameniuliza, na mimi si mtu wa kusema nisipoulizwa.

"Nikiandika yaliyo kwenye ubao," akaendelea, "nitasema bwawa lenu liko salama, halihitaji chochote. Wavuvi wako watafurahi. Na vifaranga vya samaki vya kupandikiza na nyavu mpya vitapelekwa kwingine, kwa waliosema ukweli. Kisha mtabaki na nini?"

Ndipo akanieleza habari za kwao. Alisema kijiji chake kiko ufuoni kwenye bahari yenyewe, na kwamba watu wa huko, wavuvi na akina mama wanaookota chaza, walikaa na watafiti wakakubali kufunga kipande cha bahari yao. Hakuna kuvua humo. Walibishana miezi mingi. Mjomba wake alimtemea mate miguuni mbele ya watu. Lakini samaki walirudi, wakawa wanamwagika nje ya mpaka, na leo wanaolinda mahali hapo ni walewale waliokataa.

Hadithi tamu. Nilijiambia hivyo. Mtu akitoka mbali anaweza kusema lolote, maana nani kwetu ameiona hiyo bahari ambishie?

"Naomba vichwa vya wiki moja tu," akasema. "Sitauliza vimetoka kwa wavu wa nani."

Jioni, tukiosha sufuria, nilimwambia mwaitu. Aliacha kusugua.

"Ukimpa vichwa umempa wavu," akasema.

"Amesema hataulizia."

"Hata wale waliochoma nyavu walianza kwa kusalimia watu vizuri. Na mjomba wako akinyang'anywa, sisi tutakaanga nini? Mawe?"

"Na hao wadogo wakiisha, tutakaanga nini?"

Sijawahi kumjibu mwaitu namna hiyo. Alishika tena sufuria akaisugua sana, mahali palepale, ingawa palikuwa pamekwisha kung'aa. Mwishowe akasema, "Kama utampa, usinionyeshe."

Nikampa. Kila asubuhi kwa siku saba nilijaza ndoo ya vichwa na kuiacha nyuma ya mti wa mkonge, naye akaichukua akienda. Kila asubuhi nilijuta. Nilimfuata kwa macho nione kama anapiga simu. Mara moja alipiga, akiwa amenipa mgongo, na siku hiyo sikuweza kula. Nilikuwa na hakika gari la maafisa linakuja.

Gari halikuja. Kilichokuja ni mkutano. Aliwaita wavuvi wote, akatandika gunia chini, akavipanga vichwa juu yake. Vilikuwa vingi. Vingine vilikuwa vidogo mpaka vikafanana na mbegu za boga. Pembeni aliweka ubao wake na daftari, akasoma urefu wa samaki tuliomletea, mmoja mmoja, kwa sauti ya kawaida. Hakusema vichwa vimetoka wapi. Hakuhitaji. Ufuo wetu una kibanda kimoja cha kukaanga.

"Leo vichwa vimeongea kuliko mwenye navyo," kijana mmoja akasema, na macho yote yakanigeukia.

Mjomba alikuja mpaka mbele yangu. "Ni wewe?"

Niliangalia viatu vyake. "Ni mimi, mjomba. Wadogo wote wana mayai. Nimewapasua mimi mwenyewe."

"Nimekulisha na huo wavu," akasema. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Walibishana mpaka jua likawa kali, na siku iliyofuata tena. Mzee mmoja alisema ni kweli, mke wake pia aliona mayai lakini yeye akamnyamazisha. Mwingine akauliza nani atahakikisha nyavu zikitolewa hazichomwi kama zile. Mwanamke akasema nyavu zitapokelewa na kikundi cha wavuvi wenyewe, wala si afisa yeyote, na kila wavu utabadilishwa na wenye matundu makubwa. Mwishowe wakakubali mambo mawili. Kona ya matete, pale mto unapoingia bwawani na samaki wanapenda kuzalia, ifungwe. Na nyavu ndogo zibadilishwe.

Mjomba alikuwa wa mwisho. Alikuja na wavu wake begani, akapita mbele ya mwanamke, akapita mbele ya mwenyekiti wa kikundi, akautupa miguuni pangu.

"Mpe rafiki yako."

Ni miezi mitano sasa. Vifaranga vililetwa kweli, katika mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa, tukavimwaga kwenye matete. Wavu mpya anao. Matundu yake ni makubwa, na siku nyingi mjomba anarudi na samaki watatu, wanne, siku nyingine anarudi na wavu mkavu. Mwaitu ameanza kukaanga viazi ili jiko lisizimike. Vijana wakinipita wananiita, "Niaje, daktari wa vichwa?" Mjomba bado anakula kwetu. Nikimwekea sahani anamshukuru mwaitu.

Mwanamke alirudi Pwani na vichupa vyake. Nikimpigia simu wakati mwingine anashika, wakati mwingine haishikwi. Anasema pete zimethibitisha alichodhani, na kwamba tungoje, samaki hawakui kwa haraka yetu. Mimi nangoja, lakini siachi kushuku. Jumapili nikitoka kanisani napitia kwenye kona ya matete nakaa juu ya jiwe. Naona viduara vikifunguka majini. Vinaweza kuwa vifaranga vyetu. Vinaweza kuwa wadudu. Juzi niliona alama ya mashua iliyovutwa kwenye tope hapo, na hakuna anayeruhusiwa kupita. Sijamwambia mtu, kwa sababu upana wa ile alama naujua, ni wa mashua ya kwetu.

Ndiyo sababu nimeandika. Ninyi mnaosoma mkiwa Pwani, kwenye vijiji vya baharini, nawaomba mniandikie. Kuna kweli mahali ambapo watu walifunga kipande cha bahari yao na samaki wakarudi? Ilichukua muda gani? Msinitumie maneno ya kunifariji. Nataka yule aliyeona kwa macho yake, au aliyekaa akingoja na hakuona kitu. Jibu lenu nitamsomea mjomba, hata likiwa baya, kwa sababu bado anaitoa mashua kila alfajiri, na sijui nimwambie asubiri au nimwombe msamaha.