Seng'enge Kwenye Minazi ya Shangazi

Namshukuru Mola kwa umri alionipa. Nimeona nyua nyingi zikisimama na kuanguka, ila sijaona uliojengwa kwa majivuno kama ule wa karani jirani yetu wa Kawe, baada ya vita kuu ya pili. Sisi wengine tulizungushia viwanja vyetu minyaa: unachomeka kijiti, kinaota chenyewe. Karani aliona minyaa ni ua wa watu wasiovaa soksi. Akanunua vyuma vilivyobaki jeshini, akaniajiri mimi na mwenzangu tuliyesoma naye chuo cha Kurani tuvisimike viwe nguzo za kushikilia seng'enge.

Ilikuwa kazi ya subira. Mchanga wa Kawe ukiuchimba unarudi shimoni. Tuliulowesha kwanza, tukauvunja kwa mtaimbo, kisha tukalala kifudifudi na kuuteka kwa kifuu cha nazi, kama watu waliodondosha pete kisimani. Nguzo ikiingia, tunaizungushia mawe na kushindilia. Karani kasimama chini ya mwavuli, jicho moja kalifumba.

"Sogeza kushoto. Siyo kushoto kwako, kushoto kwangu."

Upande wa barabarani alitaka nguzo zibanane, apitaye asikose kuziona. Basi tulipofika upande wa nyuma zikawa zimekwisha. Karani akaitazama minazi mitano iliyosimama pale mpakani, akatabasamu.

"Pigilieni seng'enge kwenye minazi."

Minazi ile ilikuwa ya shangazi yangu, mjane. Kwetu pwani ardhi huwa ya mtu huyu na miti ya mtu yule. Karani alinunua kiwanja. Minazi aliipanda babu yangu, shangazi akairithi, na nazi zake ndizo zilizomlisha. Nikamkumbusha karani.

"Najua," akasema. "Mie sichumi nazi zake. Nazuia mbuzi."

Nikaweka nyundo chini. Karani akapigilia mwenyewe. Msumari wa kwanza ulipinda, wa pili ulipinda, wa tatu ulikuwa kidole chake.

Shangazi alipokuja na mkwezi, alikuta lango lina kufuli.

"Hodi, mwanangu."

"Shikamoo mama. Kuanzia leo utaangua Jumapili, nikiwepo. Sitaki watu waingie kwangu ovyo."

"Marahaba. Na nazi umeziambia zingoje Jumapili?"

"Ndiyo utaratibu, mama."

Jumapili ilipofika karani alikwenda mjini na ufunguo mfukoni. Jumapili ya pili vilevile. Nazi zikakomaa, zikadondoka ndani ya ua, na wapishi wa mle ndani hawakuwa vipofu. Nyumbani kwa shangazi mboga iliungwa kwa maji. Kwa karani wali ulinukia tui mpaka barabarani. Nilimwomba Mungu anilinde na dhana mbaya, lakini pua haina dini.

Baada ya Jumapili ile ya pili shangazi hakubisha tena hodi. Alizunguka nyuma na mkwezi wake.

"Mnazi huu wa nani?" akamuuliza.

"Wako, bibi."

"Basi uvue hayo mavazi, mie sikuushonea."

Mkwezi akang'oa misumari yote. Seng'enge ikalala mchangani upande mzima, na zile nguzo za mbele zikabaki zimesimama kwa adabu, hazizuii kitu. Karani alikuja mbio.

"Mama, umenivunjia ua."

"Ua wako si chuma, baba? Nguzo zako za chuma sijazigusa." Akamkabidhi misumari yake kwenye jani la mgomba, hata iliyopinda. "Kama una neno, twende kwa jumbe. Atauliza minazi ya nani. Utamjibu nini?"

Karani aliipokea misumari. Kwa jumbe hakwenda. Vyuma vingine hakupata, na minyaa hakuweza kuipanda baada ya kuitukana miaka yote. Upande wa nyuma ukabaki wazi.

Shangazi aliendelea kuangua siku aliyoitaka. Na kwa kuwa tumeusiwa haki ya jirani, kila alipoangua alimpelekea mke wa karani nazi mbili. Karani alikula, akashiba, na hakuuliza zimepitia wapi.