Utepe wa Upande Mmoja

Mwanangu, weka simu chini unisikilize. Umeshamhukumu mwenzako na hata hujamuuliza! Mnanichosha nyie. Nakumbuka siku moja pale Kariakoo, nikiwa fundi cherehani kijana, kichwa kigumu kuliko chako.

Mteja alituletea kipande cha hariri kilichobaki cha marehemu mama yake. Alitaka tepe mbili za kichwani, za mabinti zake mapacha, wavae harusini jioni ile, akakaa kusubiri. Nikakata utepe mmoja mpana, nikaunga ncha zake ukawa duara, nikamwachia shoga yangu Zuhura aupige pasi, nikaenda kuswali. Niliporudi nikaupasua katikati kuuzunguka wote, nipate maduara mawili. Lo! Likatoka moja tu, refu mara mbili, limejisokota.

"Zuhura, umeniharibia kazi! Una kijicho wewe!" nikapiga kelele mbele ya mteja.

"Wallahi nimepiga pasi tu," akasema, machozi yakimlenga.

Bi Mwanaidi, mwenye duka, akanivuta mezani. Alichana ukanda wa gazeti, akaupindua ncha moja juu chini, akaunga, akanipa chaki. "Chora mstari katikati, usiinue mkono."

Nikachora huku nimenuna. Chaki ikazunguka, ikapita ndani, ikapita nje, ikarudi ilipoanzia.

"Ukanda huu una pande ngapi?"

"Mbili, Bibi. Kila kitu kina pande mbili."

"Yarabi, mtoto mbishi huyu! Mbona chaki imepita kote na hujaiinua? Upande ni mmoja. Ulipounga utepe wako uliupindua hivi hivi mwenyewe, kwa haraka zako. Ndiyo maana haukugawanyika."

Akalikata lile duara refu mahali pawili, akanyoosha, akaunga kila kipande. Tepe mbili, dakika chache tu. Mteja akaondoka anacheka.

Zuhura alikuwa ameshakusanya vitu vyake. Nilimfuata mpaka kwao Buguruni kumwomba radhi. Alinisamehe, lakini alihamia duka jingine, na hatukushona pamoja tena.

Sasa sikia, maana sirudii. Kazi ikikuharibikia, anza na mikono yako. Jambo usilolielewa, lijaribu kwanza kabla hujamtaja mtu. Hariri ilitengenezeka, Zuhura hakurudi. Nenda kamuulize mwenzako, leo hii.

Mungu akupe subira, mwanangu, akulinde na ulimi wako, akujalie marafiki wa kuzeeka nao.